Impreza yangu inayumba nyuma na kuvuta kushoto: je, ninunue shokapu mpya?

"Mtaalamu, salaam. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003 yenye gia za mkono, niliyoinunua kwa mtu ikiwa tayari imeshushwa kwa springi fupi. Ninaishi Tanga na mara kwa mara nakwenda Dar es Salaam. Nikishapita Segera kuelekea Chalinze, gari likifika kilomita 90 kwa saa nyuma huanza kuyumba, hasa nikiachia mafuta katikati ya kona ndefu. Nikikanyaga breki linavuta kushoto. Mbele upande wa kulia kuna kugonga kwenye barabara mbovu, lakini kwenye matuta makubwa sauti haisikiki. Matairi ya mbele yaliisha upande wa ndani, nikanunua mawili mapya ya 215/45R17. Ya nyuma ni yale ya zamani. Bushi za mbele zilibadilishwa mwaka jana na alaimenti nimeshapiga mara tatu. Sasa fundi anasema shokapu zote nne zimekufa, niweke koilova. Nifanye hivyo, au niliuze tu?"

Ndugu msomaji,

Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaofika gereji na maneno mawili tu, "gari linayumba", na maelezo yako yenyewe yanatosha kuonyesha kwamba hapa hakuna tatizo moja bali yapo manne yaliyopandana: nyuma inayotangatanga, breki zinazovuta, kugonga kwa mbele kulia, na matairi yanayolika ndani. Ninaielewa hofu yako. Umeshatoa fedha mara kadhaa, kila mara ukiambiwa kwamba safari hii gari litatulia, na sasa unatakiwa kutoa nyingi kuliko zote zilizotangulia bila mtu yeyote kukuonyesha kifaa kilichokufa. Kwa kifupi, usinunue koilova (seti ya springi na shokapu ambayo kimo chake hurekebishwa) sasa, wala usiliuze gari kwa bei ya kutupa. Maelezo marefu yanafuata, kwa maana katika gari la umri huu kubahatisha vipuri hugharimu zaidi ya vipuri vyenyewe.

Nianze na shokapu, maana ndizo zinazosingiziwa. Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kubonyezwa, na inafanya hivyo kwa kuyalazimisha mafuta yaliyomo ndani yake kupita kwenye matundu membamba, hata nguvu ya mchezo ule igeuke kuwa joto. Shokapu ikifa, gari likivuka tuta huendelea kunesa mara mbili tatu, pua huzama mno kwenye breki, tairi huliwa kwa mabaka kuzunguka uso wake wote, na mara nyingi mwili wa shokapu huonekana umelowa mafuta. Vumbi lililogandana na unyevu kidogo karibu na sili halina neno. Mafuta yanayodondoka ndiyo ya kuogopa. Katika dalili hizo hujataja hata moja. Kile kipimo cha kukandamiza boneti kwa mikono na kuangalia gari linanesa mara ngapi hakisemi mengi kwenye gari lenye springi ngumu, kwani mikono ya mtu haiwezi kulibonyeza vya kutosha, na hata shokapu iliyochoka itaonekana nzima. Sisemi kwamba shokapu zako ni nzima. Gari limepita miaka 20, na kama ndizo zilizotoka nalo kiwandani basi zimechoka tu. Ninachosema ni kwamba kuchoka kwake hakuelezi kwa nini gari linavuta kushoto.

Kuna imani nyingine ambayo nadhani imechangia gari hili kuendeshwa muda mrefu bila kukaguliwa, nayo ni kwamba Subaru ni gari la mashindano na kwa hiyo halichoki. Ni kweli kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda mwaka 2000 akiwa na Impreza vilevile. Lakini magari yale yalikuwa na mafundi waliokuwa wakiyasubiri njiani na vipuri vipya, na kipande kilichotiliwa shaka kilitolewa bila mjadala. Gari lako lina sura ile na jina lile. Bushi zake, yale maungio ya vyuma vya chini, ni mpira wa kawaida, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Sasa tuanzie chini kabisa, kwenye matairi, ambako ungeanza bila kulipa mtu senti moja. Umeweka mawili mapya mbele na kuyaacha ya zamani nyuma. Kwenye gari la kawaida hilo ni kosa la usalama, kwa sababu mvua ikinyesha nyuma ndiyo itakayoteleza kwanza, na gari linaloteleza nyuma ni gumu kulirudisha kuliko linaloteleza mbele. Kwenye gari lako linaloendeshwa na magurudumu yote manne wakati wote, ni kosa la mitambo pia. Tairi jipya huwa na kashata, yaani mifereji ya uso wake, zenye kina cha milimita 8 hivi. Tuseme ya nyuma yamebaki na milimita 3. Tofauti hiyo ya milimita 5 kwenye nusu kipenyo inazaa tofauti ya takriban milimita 31 kwenye mzingo, wakati Subaru hushauri mizingo ya matairi manne isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Maana yake ni kwamba hata kwenye barabara iliyonyooka, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanazunguka kwa kasi tofauti, na difu ya kati, inayogawa nguvu ya injini mbele na nyuma, inalazimika kuumeza mvutano huo safari nzima, huku ikichemka. Ukiona gari linakaza na kusita unapokata usukani wote polepole kwenye maegesho, jua difu hiyo imeanza kulalamika, na difu ya kati ni ghali kuliko matairi manne.

Kwa hiyo tafuta matairi manne ya aina moja na yenye kuchakaa kunakolingana, hata kama itabidi usubiri kidogo. Angalia pia umri wake: ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kijiduara, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho mwaka, kwa hiyo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la zamani lenye kashata nzuri bado ni la zamani. Upepo upimwe asubuhi kabla ya gari kutembea, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, wala si kwa kiwango anachokikumbuka kijana wa kujaza upepo.

Nyuma inayoyumba ndiyo hasa kiini cha swali lako, na hapo ndipo ningetumia muda mwingi zaidi. Katika Impreza ya kizazi hiki kila gurudumu la nyuma limeshikwa na shokapu kwa juu, na kwa chini na vyuma vya aina mbili: linki mbili za ubavuni zinazotoka katikati ya gari kwenda kwenye gurudumu, na mkono mmoja unaotoka mbele kuja nyuma. Linki mbili zile, kwa kushirikiana, ndizo zinazoamua tairi litazame wapi. Mkono ule wa tatu unazuia gurudumu lisiende mbele wala nyuma. Kwenye maungio yake yote kuna bushi, na bushi zikiwa nzima tairi hubaki limetazama palepale lilipoelekezwa. Zikichanika, gurudumu huwa na uhuru wa kusogea: ukikanyaga mafuta husukumwa mbele, ukiachia hurudi nyuma, na kwa kuwa linki mbili hazilegei kwa kiasi kimoja, kila linaposogea hubadilisha pia uelekeo wake. Kwa maneno mengine, matairi ya nyuma yanapiga kona bila ya wewe kuyaambia. Ukiachia mafuta katikati ya kona, uzito huhamia mbele, nyuma huwa nyepesi, na wakati huohuo gurudumu la nje linageuka kidogo. Hicho ndicho unachokisikia kwenye kiti baada ya Segera. Shokapu mbovu zinaweza kuurefusha mtikisiko huo, lakini si zinazouanzisha.

Ukaguzi wake hauhitaji kompyuta. Gari lipandishwe kwenye lifti, fundi awe na taa nzuri na mtaimbo mfupi, auingize mtaimbo kati ya linki na chuma kilicho jirani, asukume kwa kiasi, huku wewe ukitazama bushi na si uso wa fundi. Nyufa ndogo juu ya mpira ni uzee wa kawaida. Unachokitafuta ni mpira uliobanduka kutoka kwenye chuma chake, yaani upenyo unaofunguka na kufunga kila mtaimbo unaposukumwa, mara nyingi ukiwa na unga mweusi au kutu nyekundu pembeni. Ukiuona huhitaji kushawishiwa. Hapohapo ashike kila gurudumu la nyuma kwa juu na chini na kulitikisa. Likicheza, beringi inashukiwa, na beringi nayo hufanya nyuma itangetange. Beringi iliyokwisha mara nyingi huwa na mvumo unaopanda na spidi na kubadilika unapopinda upande mmoja.

Hapa ndipo ninapoingiza shaka yangu kuhusu zile alaimenti tatu. Uelekeo wa matairi ya nyuma kwenye gari lako hurekebishwa kwa kuzungusha bolti yenye kichwa kisicho cha katikati, iliyopita ndani ya bushi ya linki ya ubavuni kwa upande wa ndani. Bolti hiyo hushikana kwa kutu na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, na wewe unaishi Tanga, mahali ambapo upepo wa bahari hauachi chuma kikae salama. Mpiga alaimenti akiikuta haizunguki, mara nyingi huiacha, akarekebisha mbele peke yake na kukurudishia ufunguo. Matairi ya nyuma yakibaki yametazama upande mmoja, gari huenda mshazari, usukani hukaa umepinda ili gari liende moja kwa moja, na hakuna kiasi cha kurekebisha mbele kitakachoponya. Mashine ya kisasa hutoa karatasi yenye vipimo vya magurudumu manne, kabla na baada. Je, ulipewa karatasi hiyo hata mara moja? Kama hukupewa, au kama vipimo vya nyuma vya "kabla" na "baada" ni vilevile, basi hukupiga alaimenti mara tatu. Ulipiga nusu yake mara tatu.

Kuhusu breki, kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Sisi huendesha kushoto, na barabara zetu nyingi hujengwa zikiinama kuelekea pembeni ili maji yatiririke, kwa hiyo gari lolote likiachiwa usukani litateremka kushoto polepole. Huo si ugonjwa. Lakini gari linalokwenda sawa na kuvuta kushoto pale tu unapokanyaga breki, hilo lina sababu yake. Ningeanza na breki zenyewe kabla ya saspensheni. Kuvuta kushoto maana yake mara nyingi ni kwamba breki ya kulia haishiki vya kutosha, hivyo usimwache fundi ahangaike na kushoto peke yake: pini za kalipa zinazotakiwa kuteleza zinaweza kuwa zimekauka, pistoni inaweza kuwa imekwama, au hozi ya zamani imevimba kwa ndani na kuzuia mafuta ya breki. Baada ya mwendo wa mjini wenye kusimama mara kwa mara, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Upande unaofanya kazi peke yake utakuwa na joto kubwa zaidi, na ule uliolala utakuwa umepoa.

Breki zikionekana sawa pande zote, ndipo tutazame bushi kubwa ya nyuma ya mkono wa chini wa mbele, ambao mafundi huuita loa-ami. Unapofunga breki, barabara hulisukuma gurudumu la mbele kuelekea nyuma, na bushi hiyo ndiyo inayolikatalia. Ikichanika upande mmoja, gurudumu la upande huo hurudi nyuma kidogo, uelekeo wake hubadilika, na usukani huhisi. Kulithibitisha hilo, tafuta uwanja tambarare, gari liende mbele mwendo wa mtu anayetembea na kusimamishwa ghafla, kisha nyuma hivyohivyo, huku msaidizi akiwa ameinama ubavuni, mbali na njia ya gari, akitazama nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi. Gurudumu lenye bushi nzima hubaki mahali pake. Lenye bushi iliyokwisha huruka mbele na nyuma waziwazi, na pengine likatoa mlio mzito mmoja kila linaporuka.

Utaniambia kwamba bushi za mbele zilibadilishwa mwaka jana. Ndiyo, na bado sizitoi kwenye orodha ya washukiwa. Bushi ya aina hii haizunguki kwenye bolti yake. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na mkono unapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaojisokota na kurudi. Sasa fikiria gari liko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, fundi anaingiza bushi mpya na kukaza bolti kwa nguvu zote. Ameifungia bushi katika hali ya kuning'inia. Gari likishushwa chini, mkono unapanda, na mpira unabaki umesokotwa hata gari likiwa limeegeshwa. Kila shimo la barabarani linausokota zaidi. Kwenye gari lililoshushwa kama lako msokoto huo ni mkubwa zaidi. Bushi iliyofungwa hivyo huchanika mapema mno, kisha mwenye gari hulaumu ubora wa kipuri. Utaratibu sahihi ni kukaza bolti kidogo tu gari likiwa juu, kisha kukaza kikamilifu uzito wa gari ukiwa umekalia magurudumu, iwe kwenye lifti ya kukanyagia au kwa kuuinua mkono kwa jeki hadi kimo chake cha kawaida. Ni jambo dogo linalochukua dakika chache, na ningemuuliza fundi yeyote juu yake kabla ya kumkabidhi kazi; anayelijua atakujibu bila kusita.

Kugonga kwa mbele kulia ni rahisi kuliko yote, na umenipa kidokezo kizuri uliposema kwamba hakusikiki kwenye matuta makubwa. Chuma cha stabilaiza huunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, na hufanya kazi pale tu gurudumu moja linapopanda na lingine likabaki. Kwenye tuta, magurudumu yote mawili hupanda pamoja, stabilaiza huzunguka tu bila kubeba mzigo, na linki zake hazigongi. Kwenye barabara yenye vishimo upande huu na upande ule, linki zilizolegea hugonga kila sekunde. Fundi afungue linki zote mbili za mbele, azifunge zisining'inie, kisha mzunguke mtaani polepole sana, kwani gari litalala kwenye kona kuliko kawaida. Kelele ikiondoka, umeshajua kipuri cha kununua, nacho si ghali. Ikibaki, kagua boljointi (kiungo kinacholishika gurudumu kwenye loa-ami), tairodi (fimbo ya usukani) na kitako cha juu cha shokapu. Hicho cha mwisho hujulikana kwa kuweka mkono juu ya springi wakati mtu anageuza usukani gari likiwa limesimama, na kusikia inanasa kisha inaruka. Na kama kuna mtu alishawahi kukufungia shokapu za mtumba za STI (Impreza ya michezo zaidi) zile zilizogeuzwa juu chini, fahamu kwamba grisi yake ya ndani ikikauka hugonga hivyohivyo.

Matairi yakilika ndani, karibu kila mtu hulaumu kushushwa kwa gari, kwamba matairi yameinama kwa juu kuelekea ndani. Kuinama huko kunachangia, lakini hula polepole. Kinachokula tairi kwa kasi ni uelekeo, ile safu iliyoandikwa Toe kwenye karatasi ya mashine. Chukua tairi lako lenye kipenyo cha sentimita 63 hivi. Likipinda milimita 2 tu kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma, basi kwa kila kilomita moja linaburutwa kiubavu mita 3 na ushei. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300. Tairi litakuwa limeburutwa kiubavu karibu kilomita nzima. Ukiunganisha kuburutwa huko na kuinama kidogo, mzigo wote unaangukia ukingo wa ndani. Pitisha kiganja juu ya tairi la zamani kutoka nje kwenda ndani, kisha kinyume chake: likiwa laini upande mmoja na likakwaruza kama msumeno upande mwingine, tatizo ni uelekeo. Likiwa laini pande zote ila limeliwa ndani, kuinama ndiko kumetawala.

Tukija kwenye springi fupi na koilova, sitakuficha maoni yangu. Kulishusha gari la aina hii kupita kiasi kuna hasara ambayo wauzaji hawaitaji: mikono ya chini ikishapita usawa na kuelekea juu, kitovu ambacho gari hulalia kwenye kona hushuka kwa kasi kuliko uzito wenyewe, kwa hiyo gari hutaka kulala zaidi, na springi hulazimika kuwa ngumu zaidi kulizuia. Nafasi ya gurudumu kupanda nayo hupungua, na kwenye shimo shokapu hufika mwisho wake na kupiga kizuizi. Wakati huo gari halina springi, lina gongo. Koilova nzuri, iliyopimwa vizuri, inaweza kulifanya gari lipendeze kwenye lami safi. Ya bei rahisi, kwenye barabara yenye viraka, itaruka badala ya kufuata barabara, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Kama gari hili ni la safari za Dar na la matumizi ya kila siku, ningerudisha springi za kimo cha kiwandani au kilichopungua kidogo sana, nikaweka shokapu mpya za kampuni inayojulikana zinazolingana na springi hizo, na fedha iliyobaki ningeitumia kwenye bushi za nyuma. Ukitaka koilova kwa ajili ya raha yako, ni haki yako, lakini ziwe za mwisho kufungwa. Bushi za poliyurethani, plastiki ngumu kuliko mpira, nazo si dawa ya kila mahali. Kwenye mkono wa nyuma unaotakiwa kucheza pande nyingi hukaza pasipotakiwa kukaza, na hupitisha mtetemo wote ndani. Mpira mzuri wa kawaida unatosha.

Yapo mambo ambayo hayafai kumalizwa kwa maandishi. Boljointi ikionekana inacheza, gari lisiondoke hapo kwa kuendeshwa, kwa sababu ikiachana gurudumu hukunjika na usukani haukusaidii tena. Vivyo hivyo tairi linaloonyesha nyuzi, usukani wenye mchezo, beringi inayovuma na kucheza, au kanyagio la breki linalozama. Usijaribu kuthibitisha kuyumba kwa kukimbia kilomita 90 tena kwenye barabara kuu. Vipimo vyote nilivyotaja vinafanyika gari likiwa limesimama au likienda polepole. Na karatasi ya alaimenti ikionyesha kwamba tairi moja limeinama tofauti sana na mwenzake wa upande wa pili hata baada ya bushi kuwa nzima, mtafute mtu mwenye vifaa vya kupima bodi, kwa maana gari linaweza kuwa liliwahi kugongwa. Kama unaweza kupata karatasi ya mnada wake wa Japani, angalia daraja: R au RA maana yake gari lilipata ajali na kutengenezwa kabla ya kuletwa.

Kwa mpangilio, basi: matairi na upepo, linki za stabilaiza, breki, kisha ukaguzi wa bushi zote gari likiwa juu, mbele na nyuma. Vilivyochanika vibadilishwe na kukazwa gari likiwa limekalia magurudumu yake, na bolti ya nyuma iliyoshikana itolewe, hata ikibidi kuikata na kuweka mpya pamoja na bushi yake. Shokapu ziamuliwe baada ya hapo, na springi pamoja nazo, kwa kuwa kimo cha gari kikibadilika vipimo vyote hubadilika. Alaimenti ya magurudumu manne ndiyo ya mwisho kabisa, na karatasi uondoke nayo. Kuuza utaamua mwenyewe baadaye, lakini gari lenye karatasi hiyo na matairi manne yanayolingana lina bei tofauti na hili ulilo nalo leo. Mpaka boljointi zitakapokaguliwa, safari ya Dar ifanye kwa basi.